Umetua Dar na dereva haonekani: dalili, chanzo na la kufanya

Gari la kukupokea uwanjani, uliloliagiza mapema na kulilipia, linaweza lisije. Likikosekana, watu wengi hukimbilia kusema wametapeliwa. Utapeli upo na nitaugusa huko chini, ila chanzo cha kawaida ni cha kijinga zaidi: taarifa zako zimepungua njiani. Wewe umejaza fomu ya wakala wa mtandaoni. Wakala kaipeleka kazi kwa kampuni ya Dar es Salaam. Kampuni siku hiyo haina gari, imempigia jamaa mwenye magari mawili aina ya Noah. Jamaa kampigia kijana wake wa zamu ya usiku. Ulianza na jina, namba ya ndege, idadi ya mabegi na jina la hoteli, kijana amepokea meseji isemayo "Mgeni saa 8 uwanjani, wa Posta."

Karibu kila dalili iliyomo humu, ukiifuatilia, inaishia kwenye meseji hiyo. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni ileile kila mara: zungumza na dereva mwenyewe, siyo aliyekupa risiti, siku moja kabla ya safari. Wakala akikuambia jina la dereva hutolewa ukishatua, mwombe angalau namba ya kampuni ya Dar anayoitumia, kisha uwaombe hao namba ya dereva. Wakigoma wote wawili, mimi ningetafuta gari lingine.

Nazungumzia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere na hoteli za mjini: Posta, Kisutu, Upanga, Kariakoo, na zile za Oysterbay na Masaki.

Umetoka nje, vibao vimejaa, jina lako halipo

Anza na jengo. Uwanja una majengo matatu ya abiria. Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019 na ambalo madereva wote hulitaja kama Terminal 3, ndilo la safari za kimataifa. Jengo la Pili, la tangu miaka ya 1980, linahudumia zaidi safari za ndani. Jengo la Kwanza ni la zamani kuliko yote, linatumiwa na ndege ndogo na za kukodi, nalo liko kando na lina njia yake ya kuingilia. Dereva akisikia "mgeni kutoka Ulaya" huenda moja kwa moja Jengo la Tatu. Sasa kama ulitua kwanza Kilimanjaro au Zanzibar, ukagongewa pasipoti huko, kisha ukapanda ndege ya ndani kuja Dar, basi utatokea Jengo la Pili. Yeye amesimama na kibao chake upande ule, wewe unazunguka na begi lako upande huu, na kila mmoja anaapa kuwa yuko mahali sahihi. Usianze kutembea na mizigo kumfuata. Mwambie jengo ulipo na mlango uliosimama, yeye mwenye gari ndiye ahame.

Jengo likiwa sawa, angalia saa. Hili ndilo kosa linalokula wageni wengi, na Waswahili wenyewe hatuponi. Tiketi inasema 20:15. Mgeni anaandika "8 usiku". Dereva anasoma saa nane usiku, anaweka kengele ya simu, analala. Atafika uwanjani ukiwa umeshatua kwa karibu saa sita nzima. Kinyume chake pia hutokea: tiketi ya 02:10 inageuka "saa mbili usiku", dereva anakuja mapema, anasubiri, anaona hakuna ndege ya namna hiyo, anarudi nyumbani na hasira. Andika saa kama ilivyo kwenye tiketi, 20:15, halafu mbele yake andika kwa maneno "saa mbili na robo usiku". Ukiandika zote mbili hakuna pa kupotelea.

Ndege za usiku mkubwa zina mtego wao wa tarehe. Ukitua saa 00:40 tarehe 12, kwa watu wengi huo bado ni usiku wa tarehe 11, na dereva aliyeambiwa "tarehe 12 usiku" atakuja usiku unaofuata, wewe ukiwa umeshalala na kuamka. Tunayo njia yetu nzuri ya kulisema hili: usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Itumie. Fomu za mtandaoni hazina nafasi ya kuiandika, lakini meseji kwa dereva inayo.

Halafu kuna namba ya ndege. Anayetoka Toronto kupitia Addis Ababa mara nyingi hutoa namba ya safari yake ya kwanza, ile iliyoandikwa juu kabisa ya tiketi. Dereva akiitafuta kwenye ubao wa wanaowasili Dar haioni. Toa namba ya ndege inayogusa ardhi ya Dar, basi. Na ikiwa ndege inapita kwanza mahali pengine Tanzania, mweleze. KLM, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikishusha abiria Kilimanjaro kabla ya kuendelea Dar. Dereva anayefuatilia kwa programu ya simu akiona "imetua" anaweza kuanza kuhesabu muda wake wa kusubiri wakati wewe bado umefunga mkanda kule chini ya Mlima.

Muda huo wa kusubiri ni chanzo kinachojitegemea. Kampuni nyingi hutoa saa moja bila malipo, zikihesabu tangu ndege kutua, wala siyo tangu wewe kutoka mlangoni. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki hupita haraka. Mwenye kulipia viza palepale, usiku ambao ndege tatu kubwa zimefuatana, anaweza kuimaliza saa nzima kabla hajaliona begi lake. Begi likipotea ndiyo kabisa, kwa sababu itabidi ujaze fomu ya shirika la ndege kabla hujatoka. Ukiwa kwenye foleni ya uhamiaji tuma neno moja tu kwa dereva: "Nimetua, niko kwenye foleni ya viza." Dereva anayejua upo ndani atasubiri. Asiyejua, baada ya saa moja atadhani hukusafiri.

Mwisho wa yote, huenda yupo ila hayuko mlangoni. Wapo wanaosubiri nje ya geti kukwepa ada ya maegesho, wakitegemea uwapigie ukitoka. Na siku hizi kuna sababu nyingine ambayo mgeni wa Ulaya hawezi kuifikiria: magari mengi ya biashara Dar yamefungwa mfumo wa gesi asilia, vituo vya kujazia ni vichache kuliko magari, na foleni ya gesi inaweza kummeza dereva kwa muda mrefu. Akikuambia "niko kwenye gesi, nakuja", siyo lazima awe anakudanganya. Mwulize amebakiwa na magari mangapi mbele yake, kisha uamue.

Mpangilio wa kupiga simu nao una maana. Kwanza dereva. Asipopokea, kampuni ya Dar. Kisha mapokezi ya hoteli, hata kama gari hukuliagiza kwao: wao wana madereva wao wa siku zote na wanaweza kukutumia mtu anayejulikana. Wakala wa ng'ambo mwache wa mwisho. Atakuomba radhi vizuri sana, lakini hana gari.

Dereva anasema kapiga simu mara nyingi, kwako haikuita

Laini yako ya nje huenda haijawashwa huduma ya kutumika ukiwa nchi nyingine, au dereva hana salio la kupiga namba ya kimataifa. Kwa kawaida wote mna WhatsApp, na hapo ndipo ninapoona watu wa Kenya wakinaswa. Namba za Tanzania huanza na 06 au 07, na za Kenya pia zinaanza na 07. Ukiihifadhi ya dereva kama 0754 na kuendelea, WhatsApp yako yenye laini ya Kenya itaichukulia kuwa ni namba ya Kenya. Utakuwa unamwandikia mtu wa Nakuru asiyejua lolote, ukingoja majibu ya Dar. Hifadhi na +255 mbele, ukiondoa sifuri.

Usitegemee kununua laini ukishafika kama ndiyo njia yako pekee ya kumpata dereva. Laini ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, mgeni akitumia pasipoti, na usiku dirisha linaweza kuwa na watu au limefungwa. Piga picha ya skrini ya jina la dereva, namba yake, namba ya gari na jina la hoteli kabla hujapanda ndege. Picha haihitaji bando.

Mtu anakuja anasema "mimi ndiye niliyetumwa"

Pale mlangoni kuna madereva halali wanaotafuta abiria, na kati yao hamkosekani mjanja anayesikiliza wageni wakiongea na simu. Atakuita kwa heshima, "karibu sana mama, hoteli gani?", ukitaja hoteli tu, atadai ametumwa na hoteli hiyohiyo. Geuza swali. Muulize yeye ametumwa kumpokea nani, na usitaje jina lako mpaka alitaje yeye. Dereva wa kweli hakasiriki. Ameshaulizwa hivyo sana.

Kisha linganisha namba ya gari. Tanzania gari la biashara huwa na kibao cha namba cheupe na gari binafsi cha njano. Cha njano peke yake hakithibitishi wizi, kwani kampuni iliyoishiwa magari huazima la ndugu, lakini gari lenye kibao cha njano, namba tofauti na uliyotumiwa, na dereva asiyejua jina lako, hapo rudi ndani ya jengo ukapige simu.

Gari limekuja, bei imepanda

Sikiliza kwanza sababu anayotoa, maana zipo za kweli na za kubuni.

Akisema ni ya maegesho: swali ni kama bei yako ilijumuisha. Mara nyingi wakala ameandika kuwa imejumuisha, kampuni imemwambia dereva amalizane na mgeni. Mwonyeshe risiti kwenye simu, na umpe nafasi ya kumpigia bosi wake bila kumfokea, kwa kuwa pengine hiyo hela ataitoa mfukoni mwake.

Akisema bei ni kwa kichwa na mko watatu: hapo kuna aliyechanganya gari la pamoja na gari la kukodi peke yako. Gari la kukodi peke yako hulipiwa kwa gari, siyo kwa kichwa. Kama risiti yako ina neno lolote linaloashiria kuchanganywa na wengine, basi uliagiza kitu kingine na huenda ukasubiri abiria wa ndege ijayo.

Akidai dola: kwa malipo ya uwanjani hana pa kusimamia. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi. Mwambie akupe kiasi kwa shilingi, na kama huna, mashine za kutolea fedha zipo uwanjani. Ukikubali dola, ubadilishaji ataufanya yeye kichwani, na chenji utarudishiwa ahadi.

Mgonjwa asiyetibika ni yule aliyekubaliana kwa simu, "tutaelewana tu kaka." Hamtaelewana. Kiasi kiandikwe, na kando yake iandikwe kama maegesho na nyongeza ya usiku vimo.

Mizigo haiingii

Teksi ya Dar siku hizi ni Toyota IST. Ni gari imara na lina viti vitano, kwa hiyo fomu ya mtandaoni inayouliza abiria tu itakupa IST hata mkiwa wanne. Buti lake linakubali begi moja kubwa na vidogo kadhaa. Likiwa limefungwa mtungi wa gesi, hata hilo moja ni mashaka. Wafanyabiashara wanaokuja Kariakoo kutoka Lubumbashi au Moroni wanalijua hili vizuri, kwani wao huja na begi tupu na kurudi na marobota. Kama mko watatu wenye mabegi makubwa, taja Noah au Alphard kwa jina lake. "Gari kubwa" kila mtu ana yake. Na tuma picha ya mizigo yenyewe ikiwa sebuleni kwako. Picha moja humaliza mabishano.

Kiti cha mtoto usichoomba hakitakuwepo, na ulichoomba ukihakikishe tena siku moja kabla.

Umeshushwa kwenye hoteli isiyo yako

Dereva wa Dar haendi kwa anwani, anaenda kwa jina na alama. Na majina ya hoteli mjini yamebadilika kuliko barabara. Serena ya Mtaa wa Ohio imewahi kuwa Sheraton, ikawa Royal Palm, ikawa Mövenpick. Hyatt Regency pale Kivukoni bado wazee wanaiita Kilimanjaro tu, na ukimwambia dereva mtu mzima "Hyatt" anaweza kukuuliza ipi hiyo. Mgeni anaona dereva hajui mji. Dereva anaujua mji tangu kabla ya kibao kipya kupandishwa.

Kosa linaloumiza zaidi ni la hoteli zenye tawi mjini na tawi ufukweni kwa jina moja. Kutoka uwanjani hadi Posta ni kama kilomita 12. Mbezi Beach au Kunduchi ni upande mwingine kabisa wa jiji, na ukigundua mmeelekea huko mkiwa Mwenge, kurudi ni foleni nyingine na bei nyingine. Kwa hiyo mtumie dereva lokesheni, jina la mtaa, na jengo maarufu la jirani. Namba ya mapokezi ya hoteli pia: watu wa mapokezi wakiongea na dereva kwa Kiswahili chao, mambo huisha kwa dakika moja.

Kwa Kariakoo kuna nyongeza. Hoteli inaweza kuwa sahihi na gari lisifike mlangoni. Mchana mitaa ya karibu na soko hujaa mikokoteni, bodaboda na bidhaa zilizopangwa hadi barabarani, na dereva atakushusha Msimbazi au Lumumba umalizie kwa miguu. Huo siyo ukorofi. Ukitaka kushushwa mlangoni pale, panga kufika alfajiri au usiku.

Safari fupi imekula nusu ya siku

Barabara ya Nyerere ina mwelekeo wake. Asubuhi foleni inaingia mjini, jioni inatoka mjini kwenda Kipawa, Ukonga na Gongo la Mboto. Aliyetua saa moja asubuhi yumo ndani ya foleni. Aliyetua saa kumi na mbili jioni anakwenda kinyume nayo na anaweza kushangaa kwa nini watu hulalamika. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara, tangu 2018, limepunguza mateso ya makutano yale, lakini mbele yake bado kuna mataa ya kutosha. Anayekwenda Masaki akishavuka Posta ana Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, na lokesheni za simu huliona.

Mvua kubwa hubadili hesabu yote. Jangwani ikijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa, na magari yake yanahamia kwenye barabara zilizobaki. Msafara wa kiongozi ukipita kuelekea uwanjani, magari husimamishwa na hakuna wa kumlaumu. Dereva hana la kufanya katika haya; unachoweza kudai ni kwamba bei isibadilike, maana ulikodi safari, hukukodi saa.

Umelipa, uthibitisho hauji

Ukilipa kwa kadi kupitia wakala, tazama kwanza kwenye barua taka. Kisha angalia kama benki imekata au imeshikilia tu kiasi.

Ukilipa kwa simu kwenda Dar, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri ndilo ushahidi wako. "Lipa Namba", yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, huonyesha jina la biashara. Kampuni inayojitangaza kwa kishindo halafu inakutaka utume kwa mtu binafsi, tena kwa namba iliyokuja kwa meseji nyingine baadaye, hiyo ni ndugu yake na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ambayo kila Mtanzania ameshaipokea. Piga namba ya mwanzo uliyoanza nayo, uulize. Kama ni biashara ndogo ya mtu mmoja anayepokea kwa jina lake, wapo wengi na ni waaminifu, lipa advansi tu na salio umalizie hotelini.

Kwa upande wowote, siku moja kabla tuma ujumbe kama huu kwa dereva:

"Habari kaka. Mimi ndiye mgeni wa kesho usiku, Jumanne kuamkia Jumatano. Ndege inatua 00:40, saa sita na dakika arobaini usiku, Jengo la Tatu. Tuko wawili, mabegi makubwa mawili. Tunakwenda Serena, Mtaa wa Ohio, Posta. Bei imeshalipwa, maegesho yamo. Naomba namba ya gari."

Ukijibiwa kwa namba ya gari, umemaliza. Ukijibiwa "sawa boss" tupu, uliza tena.

Dereva uliyempenda haji kukurudisha

Wageni wengi hukubaliana na dereva kwa mdomo wakishuka hotelini: "Ijumaa unirudishe." Yeye hakuandika popote, na Ijumaa ana mgeni mwingine. Madhara ya kosa hili ni makubwa kuliko ya kuwasili, kwani madirisha ya kupokelea abiria na mizigo ya safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka. Ndege za usiku wa mapema ndizo hatari, kwa sababu zinakuweka barabarani jioni, upande uleule wa watu wa Gongo la Mboto wanaorudi makwao. Kwa ndege ya saa nne usiku, ondoka Posta saa kumi na nusu jioni. Mpigie dereva saa nne asubuhi ya siku hiyo, na umwambie mtu wa mapokezi muda wako wa kuondoka. Gari lisipofika ndani ya dakika kumi na tano za muda mliopatana, mwambie wa mapokezi akuitie lingine.